Kibuyu Hakirudi Kitupu

Nyumbani mwetu pana kibuyu kimoja kikuukuu cha maziwa. Kimepasuka shingoni, kikashonwa kwa uzi wa mgomba. Wageni wakikiona hutuuliza kwa nini hatukitupi, maana siku hizi madumu ya plastiki hupatikana katika kila soko. Leo tumeona vema kuwasimulia habari za mwenye kibuyu hicho. Wako vijana wengi wanaofunga ndoa mbali na kwao, wasiwe na mtu wa kuwaongoza. Tena wako wazee wengi wanaodhani ya kuwa kazi yao duniani imekwisha. Habari hii yawahusu wote.

Tulivyofika Kirolirwe

Kirolirwe ni kijiji cha Masisi, katika Kivu ya Kaskazini, kando ya barabara itokayo Sake kwenda Kitchanga. Ni nchi ya milima yenye majani mabichi, na ng'ombe hulisha hata juu vileleni. Asubuhi ukungu hushuka ukafunika nyumba, na jirani yako humsikia akikohoa kabla ya kumwona. Mtu aliyelelewa katika joto la misitu ya Walikale, kama mke kati yetu, huiona baridi ya huko kuwa adhabu.

Tulifunga ndoa baada ya Pasaka ya mwaka 2014. Mwezi wa Septemba, masomo yalipoanza, mume kati yetu alipewa darasa katika shule moja ya msingi. Mwalimu huyo alikuwa amesoma seminarini. Alijua Kilatini kidogo na kuimba zaburi, bali hakujua kuwasha moto kwa kuni mbichi, wala hakujua namna ya kukaa na mke. Naye mke alikuwa na umri wa miaka 20, hajapata kulala usiku mmoja mbali na mama zake. Tulipanga nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, wala hapakuwa na mtu kijijini aliyeyajua majina yetu.

Asubuhi ya tatu tulisikia hodi. Mlangoni alisimama mzee mrefu, amevaa koti refu la mvua, buti za mpira na kofia, kama wavaavyo wachungaji wa Masisi. Mkononi alishika fimbo, na kwapani alikumbatia kibuyu.

"Mwalimu," alisema, "nimesikia kuna watoto wapya hapa."

Mwalimu akamjibu kwamba watoto wa shule hawakai nyumbani, wako shuleni. Mzee akacheka. "Hao nawajua. Nawauliza ninyi."

Akatupa kibuyu kimejaa maziwa. Mwalimu aliuliza bei yake. "Maziwa haya hayana bei," akasema, "lakini kibuyu changu nitakihitaji." Akaenda zake.

Kesho yake tukakiosha vizuri, tukampa mtoto wa jirani akirudishe. Jioni mzee akaja tena. Hakuwa na hasira, ila alikaa kitako kama mtu mwenye shauri. "Binti yangu," alimwambia mke, "chombo cha jirani hakirudi kitupu. Tia ndani ulicho nacho. Ukikosa, tia chumvi. Ukikosa hata chumvi, tia maji ya kisima, uniambie kwamba ni maji. Kumrudishia mtu chombo kitupu ni kumwambia kwamba tumemalizana."

Tangu siku ile kibuyu kikawa na safari mbili kila siku. Asubuhi kilikuja na maziwa. Jioni kilirudi na maharage, au mahindi ya kukaanga, au samaki mkavu aliyetumwa kutoka Walikale. Siku moja tulitia barua tuliyomwandikia mjukuu wake aliyekuwa Goma. Hivyo ndivyo tulivyoanza kuwa jamaa.

Mzee wetu alitoka wapi

Hatutalitaja jina lake, kwa maana jamaa zake wangali hai, na nyakati hizi ni ngumu. Lakini yafaa mjue asili yake, kwani bila hiyo hamtaelewa kosa letu.

Mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji, iliyotawala Kongo na Ruanda-Urundi pia, ilianzisha kazi ya kuwahamisha watu kutoka Rwanda na kuwaleta Gishari, katika Masisi, nchi ya Wahunde. Kazi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1955, na makumi ya maelfu ya watu wakahamishwa. Watawala walisema kwamba Rwanda imejaa watu na njaa ni nyingi. Pamoja na hayo walitafuta mikono ya kulima mashamba ya walowezi. Wahunde, wenye nchi, hawakupewa nafasi ya kutosha ya kusema neno. Wahamiaji nao hawakuelezwa sawasawa watakaa huko kwa haki gani. Basi watu wawili walioketishwa pamoja na mtu wa tatu waliachiwa ugomvi usio wa kwao.

Mzee wetu aliletwa Gishari mgongoni mwa mama yake, baada ya njaa kuu ya miaka ya 1943 na 1944, ambayo Wanyarwanda huiita Ruzagayura. Alipokuwa kijana alichuma pareto katika shamba la mlowezi, yale maua meupe ambayo vichwa vyake hukaushwa ili kutengenezwa dawa ya kuua wadudu. Baadaye akawa mkamaji, kisha akafundishwa kutengeneza jibini. Hata leo jibini ya Masisi yajulikana sana, nayo imepata kuuzwa Goma na hata Kinshasa.

Alikuwa pia mtu wa shirika. Wasomaji wa mbali wafahamu ya kuwa mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo, katika mkutano wao mkuu, waliamua kujenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo za majirani. Katika Jimbo letu la Goma, lililoanzishwa mwaka 1959, jumuiya hizo tunaziita mashirika. Majirani hukutana, husoma Injili, hutazama nani mgonjwa na nani ana njaa, na hupatanisha wagombanao. Mzee wetu alikuwa kiongozi wa shirika letu, ingawa alisoma kwa shida na miwani yake ilifungwa kwa uzi.

Mwezi wa Machi, mwaka 1993, mauaji yalianza katika soko la Ntoto, huko Walikale, yakaenea hata Masisi yote. Siku zile nyumba ya mzee ilichomwa moto. Mkewe alifichwa na jirani Mhunde katika ghala ya mahindi kwa muda wa siku nne. Mzee alitusimulia habari hiyo mara moja tu, akamalizia kwa maneno haya: "Aliyechoma simjui. Aliyeficha namjua. Basi nitamkumbuka ninayemjua."

Kosa letu

Mume kati yetu ni Mhunde, na mke ni Mnyanga. Kwa hesabu ya watu wenye hasira, sisi na mzee yule tulipaswa kuogopana. Mwanzo hatukufikiri hivyo. Lakini mwaka 2015, habari za vita zilipokuwa zimejaa njiani, watu fulani walimwita mwalimu kando wakamwuliza, "Je, wewe msomi, hujui unakunywa maziwa ya nani?"

Twaona aibu kuandika yaliyofuata, lakini ukweli ndio faida ya habari hii. Yule mwalimu, aliyewafundisha watoto kila asubuhi kwamba Mungu ni Baba wa wote, aliogopa maneno ya watu. Mzee alipokuja na kusema hodi, hatukuitika. Tulikaa ndani kimya kama wezi. Mzee alingoja kidogo, akaweka kibuyu mlangoni, akaondoka. Nasi tuliyamwaga maziwa yale, tukakirudisha kibuyu. Tulikirudisha kitupu.

Siku iliyofuata hakuja. Zikapita wiki mbili. Mke alikuwa mja mzito, na siku zake zilikuwa karibu kutimia.

Usiku ule

Uchungu ulimshika usiku, kabla ya wakati wake, na mvua ilikuwa ikinyesha. Kituo cha afya kilikuwa mbali, na hakuna gari lingaliweza kupita katika matope yale. Mwalimu alitoka nje asijue amwendee nani. Wale waliomwonya juu ya maziwa walikuwa wamelala. Miguu yake, kwa aibu yake yote, ilimpeleka kwenye mlango wa mzee.

Hakumaliza kusema. Mzee alikuwa amekwisha vaa buti. Alipita nyumba kwa nyumba akipiga milango kwa fimbo, na kwa muda mfupi watu wanane walikuwa wamekusanyika, Wahunde na Wanyarwanda, pamoja na machela ya miti, ile tuiitayo kipoyi. Wanne walibeba, wanne walipokea. Mzee alitangulia na taa. Kibuyu chake kilikuwa begani, kimejaa maji ya kunywa kwa ajili ya wabebaji.

Mtoto alizaliwa njiani, mikononi mwa mama mmoja wa shirika aliyetufuata. Alikuwa wa kiume, mdogo sana, naye alipumua kwa shida. Mzee alimtazama, akatambua. Akavua kofia. "Mwalimu," akasema, "wewe umesoma. Fanya upesi."

Kila Mkristo afahamu jambo hili: mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote aweza kumbatiza, akimwagia maji kichwani na kusema maneno ya ubatizo kwa nia ya Kanisa. Mwalimu aliyajua maneno hayo hata kwa Kilatini. Lakini mikono ilimtetemeka, na sauti ikakataa kutoka. Basi mzee mwenyewe alichukua kibuyu, kile kile tulichokirudisha kitupu, akammwagia mtoto maji mara tatu na kumbatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mtoto aliishi muda upatao nusu saa. Mama yake, kwa neema ya Mungu, aliokoka.

Asubuhi mzee alichimba kaburi pamoja na mwalimu. Walipomaliza, mwalimu alianza kuomba msamaha kwa habari ya mlango na maziwa. Mzee akamkatiza: "Mwanangu, tumechoka. Twende tukaone binti yetu amekula nini." Tangu siku ile hakusema tena "Mwalimu". Alisema "mwanangu".

Mwaka ambao haukurudi

Wengine hudhani kwamba msiba huwaunganisha mke na mume siku zote. Sivyo. Baada ya msiba ule nyumba yetu iliingiwa na baridi kuliko ile ya milimani. Siku zile, kabla ya elimu ya msingi kutangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, riziki ya mwalimu ilitegemea sana michango ya wazazi, na wazazi wasipovuna, mwalimu hakupata kitu. Tulianza kugombana juu ya fedha, kisha juu ya mambo madogo, mwisho juu ya mtoto. Siku moja, mwaka 2016, mume alisema neno moja baya kuhusu mwanamke asiyeweza kulea mimba. Mke hakujibu. Alifunga nguo zake katika kitenge, apate kurudi Walikale kesho yake.

Mzee alikuja jioni kama kawaida, akauona mzigo. Hakutuhubiri wala hakumkemea mtu. Alikaa karibu na moto, akasema hivi:

"Mimi nilimrudisha wangu kwao. Nilikuwa kijana, mkamaji wa mlowezi, nikajiona bwana. Nilimrudisha kwa sababu ya ugomvi ambao leo siukumbuki ulikuwa juu ya nini. Baada ya mwaka nilimfuata, akarudi. Tuliishi pamoja miaka 40 na zaidi, mpaka Mungu alipomwita. Lakini ule mwaka haukurudi. Sasa nalala peke yangu, nahesabu, nauona mwaka ule. Ningetoa ng'ombe wangu wote niupate."

Akanyamaza. Kisha akasema tena: "Mimi ni mtu wa jibini. Jibini ikiwekwa juu ya ubao huachwi ikae tu. Huigeuza kila siku, upande huu na upande huu. Usipoigeuza, huoza upande mmoja, na wewe hujui mpaka umeikata. Ninyi hamjageuzana tangu mtoto azikwe. Kila mmoja amelalia upande wake."

Alituacha. Usiku ule tulizungumza kwa mara ya kwanza habari za mtoto wetu, tukalia pamoja. Mume aliomba radhi kwa neno lile. Kitenge kilifunguliwa asubuhi, na ndani ya kibuyu tulimtilia mzee viazi vitatu, kwa sababu hatukuwa na kitu kingine.

Kuondoka kwake

Mungu alitujalia watoto wawili baada ya hapo. Wote walimwita Babu, na wa kwanza alijifunza kutembea akishika fimbo yake. Mzee alifariki mwaka 2021, mwaka ule ule ambao Baba Mtakatifu Fransisko alianzisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee, iadhimishwayo Dominika ya nne ya mwezi wa Julai. Katika mazishi yake walikuwako watu waliokuwa hawajasimama pamoja tangu mwaka 1993. Watoto wake walitupa kibuyu, wakisema kwamba baba yao aliagiza hivyo.

Mwezi wa Januari, mwaka 2023, vita vilifika Kitchanga, na njia yote ya kwetu ikajaa wakimbizi. Nasi tulikimbia, tukibeba watoto, sufuria moja na kibuyu. Ni katika safari hiyo kilipasuka shingo. Tulikaa Bulengo, kando ya Goma, chini ya turubai, juu ya mawe makali ya volkano. Huko tulionja maana ya fundisho la mzee, kwa maana kambini hakuna aliye na kitu, na hapo ndipo watu hujaribiwa kurudishiana vyombo vitupu. Mke aliwafundisha majirani zake desturi ya chumvi. Mwaka 2025 kambi za pembeni mwa Goma zilipovunjwa, kila jamaa ikaenda njia yake. Kaburi la mzee na kaburi la mtoto wetu yako Kirolirwe, nasi huyaombea tukiwa mbali.

Tunajifunza nini?

Ndugu vijana, sheria ya Kanisa yadai mashahidi wawili katika ndoa, na desturi yetu huongeza wasimamizi. Siku hizi wengi huwatafuta wasimamizi wenye gari na fedha, wapate zawadi kubwa siku ya arusi. Lakini arusi ni siku moja, na ndoa ni maisha. Mtafuteni mtu atakayepiga hodi asubuhi ya tatu, wageni wakiisha kwenda zao. Akija, msimfungie mlango kwa sababu ya kabila lake. Sisi tulimfungia, nasi twajua bei yake.

Nanyi wazee wetu, msiseme kwamba vijana wa leo hawataki kufundishwa. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliandika waraka juu ya upendo katika familia, akahimiza kwamba wenye ndoa changa wasiachwe peke yao katika miaka ya kwanza, bali wasindikizwe na watu wenye uzoefu. Mzee wetu hakuusoma waraka huo. Alileta maziwa. Kumbukeni pia Akwila na Prisila katika Matendo ya Mitume, walivyomchukua Apolo kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Wahenga walisema: udugu si kufanana, udugu ni kufaana.

Tumalize kwa neno moja. Mwaka huo huo wa 2025 mjukuu wa mzee, binti mmoja, alifunga ndoa mjini Goma, naye na mumewe hawakuwa na jamaa karibu. Asubuhi ya tatu tulinunua maziwa, tukayatia katika kibuyu, tukaenda kupiga hodi. Tuliwaambia ya kwamba maziwa hayana bei, lakini kibuyu tutakihitaji. Hatukuwaambia neno zaidi.

Jioni kijana alikuja nacho mwenyewe, akatukabidhi kwa mikono miwili. Mke alikitikisa, akasikia kitu chepesi ndani. Alikiinamisha juu ya kiganja chake, ikatoka chumvi.

Ee Bwana, umpe mzee wetu raha ya milele. Amina.